Kuvua kwa chelezo kwenye mabwawa ya Uingereza: naanzia wapi na mwanangu?

KijanaWaKirumba

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa waliowahi kuvua huku Uingereza.

Nipo Coventry na familia, tumehamia mwaka jana. Nimekulia Kirumba, Mwanza, kwa hiyo mshipi na ndoano si vitu vigeni kwangu. Tulikuwa tunakaa juu ya mawe, kipande cha kandambili ndicho chelezo, nyungunyungu kwenye ndoano, tunatoa sato wadogo na furu mpaka jua linazama. Kijana wangu ana miaka 12, atafikisha 13 mwezi wa nane. Tangu tufike huku amekuwa mtu wa kujifungia chumbani na simu yake.

Juzi tulipita kando ya bwawa moja tukakuta wazee wamekaa, kila mmoja kwenye kijukwaa chake cha mbao, wanavua kwa chelezo. Kijana akasimama pale karibu nusu saa, simu iko mfukoni. Mzee mmoja akatoa samaki mnene wa rangi ya dhahabu, kama kilo tatu hivi, akamlaza kwenye kigodoro kilicholoweshwa, akamtoa ndoano, akamrudisha majini. Njia nzima nikawa naulizwa: Baba, mbona amemwachia?

Nauliza hivi. Naruhusiwa kwenda tu na fimbo yangu au kuna kibali? Vifaa gani vinatosha kuanzia, maana dukani nimekuta ukuta mzima wa vyelezo na kila kimoja kina bei yake na sijui tofauti. Na hilo la kumrudisha samaki ni sheria au ni desturi yao? Mke wangu anasema haoni sababu ya kushinda kwenye baridi halafu turudi mikono mitupu. Nikimpata aliyefanya, anieleze siku yenyewe inavyokwenda toka asubuhi. Hicho ndicho nakitaka zaidi.

Mama wa Nansio

Karibu mwanangu. Mimi ni wa Nansio, Ukerewe, nimekaa Leicester miaka mingi. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku, na nikipata mapumziko utanikuta bwawani. Mengi uliyouliza yatajibika humu ndani ya kukusimulia siku, ila kibali nawaachia wengine, wapo wanaojua sheria vizuri kuliko mimi.

Mabwawa mengi ya kulipia kwa siku hufungua geti saa moja asubuhi. Fika mapema. Getini utakuta pipa au beseni la dawa, unachovya nyavu zako kabla ya kuingia ili usilete magonjwa ya samaki kutoka bwawa jingine. Fanya hivyo hata kama hakuna anayekutazama. Vile vijukwaa, ndivyo vituo vya kuvulia, vina namba, na ukikalia kimoja hicho ni chako mpaka jioni, mtu hatarusha mshipi mbele yako na wewe usirushe mbele ya mwenzako.

Usikimbilie kukaa. Zunguka kwanza bwawa mikono mitupu na kijana, tazameni maji. Matete yakitikisika bila upepo kuna kitu kinapita katikati yake. Penye majani ya yungiyungi samaki hupenda kujificha. Upepo wa joto ukivuma upande mmoja siku mbili tatu, husukuma chakula upande huo na samaki wakafuata, hata kama kwa binadamu ni mahali pa kero. Halafu tazama juu. Fimbo za siku hizi ni za kaboni na kaboni hupitisha umeme. Ukiona nyaya zinapita juu ya kituo, hama, hata kama umeshalipa na umeshatandika kila kitu. Hili mfundishe mtoto kabla hujamfundisha kufunga ndoano.

Sasa vifaa. Fimbo moja ya futi 13, rili ndogo, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, mshipi unaohimili ratili 3 au 4, na kipande cha mwisho kinachoshika ndoano kiwe chembamba zaidi kidogo, ili mambo yakikataa kikatike hicho na samaki asibaki anaburuta chelezo. Ndoano namba 18 na 16, zisizo na kijino, mabwawa mengi hayaruhusu nyingine. Namba ikipanda ndoano inapungua, usije ukanunua 6 ukidhani ndiyo ndogo. Wavu wa mpini. Kigodoro. Kijiti cha kuchomolea ndoano. Katika ule ukuta wa vyelezo chukua aina inayoitwa wagla, ile inayofungwa upande wa chini tu, miwili mitatu ya uzito tofauti. Vingine vyote viache ukutani kwa sasa.

Punje za uzito zinazobana mshipi si za risasi kama zile tulizozizoea nyumbani. Punje za risasi za ukubwa huo zilipigwa marufuku huku mwaka 1987, kwa sababu mabata maji walikuwa wakizimeza na kufa kwa sumu. Tumia zile za dukani.

Nikuambie jambo ambalo naliona ndilo linalotenganisha anayevua na anayekaa tu kando ya maji: kupima kina. Wengi hulipuuza. Pale Ukerewe ulikuwa unajua ziwa kwa kulikanyaga toka utotoni, ulijua jiwe liko wapi na mchanga unaanzia wapi. Hapa hujui kitu, maji ni ya rangi ya chai na chini kumechimbwa na mashine. Kwa hiyo chukua chubwi dogo la kupimia, lining'inize kwenye ndoano, rusha pale unapotaka kuvua. Chelezo kikizama chote, kina ni kirefu kuliko ulivyokadiria, kipandishe kwenye mshipi. Kikilala ubavu au kikitokeza sana, umezidisha, kishushe. Endelea mpaka ncha yake peke yake ionekane. Hapo ndoano inagusa chini, si zaidi si pungufu. Kisha rusha mita moja kulia, mita moja kushoto, na mbele kidogo. Dakika kumi na tano hivi utakuwa na picha nzima ya chini kichwani mwako. Karibu kila kituo kina mahali ambapo mteremko wa ukingo unakoma na sakafu inalala bapa. Chakula hutuama pale, na samaki hupita pale kama wanafuata njia. Hapo ndipo pa kuvulia.

Ukishapata, nasa ndoano kwenye rili, nyoosha mshipi sambamba na fimbo, na pale chelezo kinapofika weka alama kwenye fimbo kwa chaki au karatasi ya gundi. Mshipi ukikatika mchana utarudi kwenye kina kile kile bila kupima upya.

Uzito mwingi uweke karibu na chelezo, punje moja huku na moja huku ili kisiteleze, na mbili tatu ndogo sana zisambae kuelekea ndoano, ya mwisho karibu na chini. Ukisharusha, tumbukiza ncha ya fimbo chini ya maji na zungusha rili mara mbili tatu haraka. Mshipi wote unazama. Ukiuacha juu, upepo unaupinda na kukokota chelezo, na chambo kinachokokotwa samaki mkubwa hakigusi. Jirani yako ambaye hafanyi hivyo utamwona analalamika siku nzima kwamba bwawa halina samaki.

Chambo ni funza. Najua mkeo atasemaje, kwa sababu wanakaa kwenye friji. Wakipata joto hugeuka vifuko vigumu vya kahawia ndani ya siku chache, na hivyo navyo ni chambo kizuri. Wanauzwa kwa painti, painti moja inawatosha wawili kwa siku. Mchukue mmoja umtazame. Upande mmoja umechongoka, na mwingine ni butu wenye vidoa viwili vyeusi. Watoto hudhani ni macho. Ni matundu ya kupumulia, kichwa ni upande ule uliochongoka. Ndoano ipite kwenye ngozi tu ya upande butu, kwa juu juu, asipasuke. Akibaki hai anajinyonganyonga majini, na huyo ndiye anayeliwa. Akishakuwa mfuko mtupu mbadilishe. Chukua na kopo la mahindi matamu, yatakusaidia wakidonoa wadogo tupu.

Halafu lisha. Funza kumi, kumi na tano, pale pale penye chelezo, kila baada ya dakika chache, uwe umepata au hujapata. Ukimwaga wengi kwa mara moja wanashiba, ukisahau kulisha wanahama. Mpe kijana kazi hii aishike yeye, mkono wake uzoee.

Kuhusu kudonoa: rochi, wale wadogo wa rangi ya fedha wenye macho mekundu, hutikisa chelezo mara mbili halafu kinazama. Hilo kila mtu analiona. Lakini brimu na tenchi hula wameinamisha kichwa sakafuni. Akishaokota chambo na kuinua kichwa, anainua pamoja na ile punje ya mwisho, chelezo kinapunguziwa mzigo na kinapanda. Kinapanda! Wengi wanangoja kizame, na samaki mzuri kuliko wote wa siku hiyo anatema na kuondoka. Ukiona kimepanda hata nusu ya upana wa kidole, inua fimbo kwa utulivu.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita nilikuwa nimetoka zamu moja kwa moja, sijalala. Saa mbili kasoro viputo vidogo sana vikaanza kupanda kuzunguka chelezo changu, vya saizi ya kichwa cha pini, vinakusanyika na kusogea. Hiyo ni tenchi anachimbua matope. Nikaacha kulisha, nikaweka mkono kwenye fimbo. Vikasogea kushoto, vikarudi. Chelezo kikapanda polepole, kikainama ubavu. Nilipoinua, fimbo ilijipinda na ikabaki hivyo hivyo. Tenchi hakimbii kwa kasi, anavuta kwa nguvu kuelekea kwenye matete na hachoki. Nilipomlaza kwenye kigodoro alikuwa kijani cha zeituni mgongoni, manjano tumboni, magamba madogo mno yamezama ndani ya ute mzito, na jicho dogo jekundu kabisa. Mapezi ya tumboni yalikuwa mapana kama vijiko, ndiyo alama ya dume, jike yake ni membamba. Nilimshikilia ndani ya maji mpaka akajitoa mwenyewe mikononi.

Lowesha mikono kabla hujamgusa samaki yeyote, usimshike kwa taulo, usimweke kwenye mbao kavu. Ule ute ndio ngao yake dhidi ya maradhi.

Sasa mwambie kijana kwa nini yule mzee alimwachia. Samaki wale mwenye bwawa amewanunua na kuwapandikiza, tiketi uliyolipa ni ya kuvua, siyo ya kuchukua. Ukiondoka naye ni wizi kisheria. Lakini hata bila sheria wangemwachia, maana kapi, yule samaki wa dhahabu mliyemwona, huishi miongo, na samaki yule yule huvuliwa na watu wengi, wengine wana majina. Mwaka 1952 Richard Walker alimvua kapi wa ratili 44, karibu kilo 20, kwenye bwawa la Redmire huko Herefordshire. Ilikuwa rekodi ya nchi. Alimpeleka hai kwenye bustani ya wanyama ya London, akaitwa Clarissa, na akaishi huko miaka mingi watu wakienda kumtazama. Kabla ya hapo wengi waliamini kapi wakubwa hawavuliki ila kwa bahati.

Na mkeo mwambie samaki wa mboga nanunua sokoni Leicester. Sijawahi kuona hasara.

Bakari_Luton

Shikamoo Mama wa Nansio. Umeeleza vizuri sana, nami niongeze la kibali.

Mkuu, England na Wales huwezi kuvua samaki wa maji baridi bila leseni ya fimbo, hata kama bwawa ni la mtu binafsi na umelipa tiketi. Hivi ni vitu viwili tofauti: leseni ni ya serikali, tiketi ni ya mwenye bwawa. Leseni unainunua kwenye tovuti ya serikali, ipo ya siku 1, ya siku 8 na ya miezi 12. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500, na wakaguzi hutembea kweli, hata siku za wiki.

Mtoto chini ya miaka 13 hahitaji. Kuanzia 13 mpaka 16 anahitaji ila ni bure, lakini lazima umchukulie, usiache kwa sababu ni bure. Kwa hiyo wa kwako mpaka mwezi wa nane yuko huru, siku ya kuzaliwa kwake mkatie.

Mitoni kuna msimu wa kufungwa, 15 Machi mpaka 15 Juni, samaki wanapozaa. Mabwawa mengi hayamo kwenye katazo hilo, ila angalia tangazo la mahali unapokwenda.

La kula: mtoni, nje ya msimu wa kufungwa, sheria inaruhusu kuchukua wachache wadogo kwa siku kama mwenye haki ya uvuvi ameruhusu. Sehemu nyingi hawaruhusu. Kwa mabwawa aliyosema mama ndiyo yenyewe.

Na moja la afya. Kingo za maji huku zina panya, na mkojo wao huleta ugonjwa mbaya wa ini na figo. Funika michubuko, usile mkate na mikono ya bwawani. Beba maji safi na sabuni.

Mvuvi wa Karagita

Salamu kutoka Naivasha. Nimesoma hii yote nikiwa kando ya ziwa.

Huyo samaki wa dhahabu tunaye hapa. Kapi alionekana Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 2000 na muda si muda akawa ndiye anajaza nyavu kuliko wengine. Hatumwachii, mama, anakuwa chakula na karo ya shule. Ana mifupa midogo mingi, kwa hivyo tunamkata mistari ya karibu karibu ubavuni ndio tunamkaanga kwa mafuta mengi, ile mifupa inakauka inatafunika. Wakati wa Krismasi Wapolandi na Wacheki pia wanamla, kwa hivyo si kwamba Wazungu wote wanamrudisha.

Lakini hiyo ya chelezo kupanda ni kweli kabisa, hata hapa. Nilikuwa nadhani ni mawimbi. Na hiyo ya kupima kina nitajaribu, ingawa sisi tunavua ukingoni na jicho moja kwa kiboko. Huko kwenu mnakaa kwa kiti siku nzima bila kuogopa kitu, hiyo ni neema kubwa.

Mama wa Nansio

Mvuvi wa Karagita, umesema kweli na mimi sina neno. Ziwa lenu linalisha watu, lazima livuliwe hivyo. Bwawa la huku ni dogo, watu kumi wakiondoka na kapi wao Jumamosi hii, ya mwezi ujao mtavua maji matupu. Jihadhari na viboko, hasa jioni wanapotoka kwenda malishoni. Hakuna samaki wa thamani hiyo.

KijanaWaKirumba

Shikamoo mama, na asanteni wote. Nimemsomea kijana yote. Amekwenda moja kwa moja kuulizia funza kama wana macho kweli, nikamwambia hapana, soma tena.

Leseni yangu nimeshanunua usiku huu. Nimebaki na mawili. Fimbo ya futi 13 si ndefu sana kwa mtoto wa miaka 12? Na mama, kwa mara ya kwanza unashauri tukae siku nzima au nusu?

Mama wa Nansio

Marahaba mwanangu.

Kwa kijana usianze na rili kabisa. Kuna fimbo nyembamba za kuchomeka, mita 4, mshipi umefungwa nchani moja kwa moja. Bei yake ni ndogo na ndiyo ile ile namna uliyovulia Kirumba, wewe mwenyewe utaweza kumfundisha bila kumuuliza mtu. Mshipi uwe mfupi kidogo kuliko fimbo ili samaki amfikie mkononi. Avue karibu, miguuni pake, ukingoni hapo hapo. Rochi na pachi wadogo wanakaa pale na wanadonoa mfululizo. Mtoto akivuta samaki mdogo kila dakika chache atarudi. Ukimkalisha anangoja kapi mmoja kutwa nzima hatarudi. Ila usimpeleke bwawa lililojaa kapi wakubwa na fimbo hiyo, hana mshipi wa ziada wa kumwachia akimbie, kitakatika kitu. Muulize mwenye bwawa kabla ya kulipa, useme unataka bwawa la samaki wadogo la kufundishia mtoto. Sehemu nyingi zina mabwawa mawili matatu ndani ya geti moja, atakuonyesha.

Mwachie yeye mwenyewe kuchomoa ndoano kuanzia samaki wa pili. Wa kwanza mwonyeshe, polepole, mikono ikiwa na maji.

Nusu siku inatosha, toka saa moja mpaka saa sita. Jua likiwa kali adhuhuri samaki hutulia na mtoto huchoka, na joto likizidi maji hupungukiwa hewa, ndiyo maana mabwawa mengine hukataza kuwaweka samaki kwenye wavu wa kuhifadhia wakati wa kiangazi. Wewe usiununue huo wavu kabisa, warudisheni hapo hapo. Vaeni nguo nzito hata kama ni mwezi wa saba, saa moja asubuhi kando ya maji baridi inapanda kutoka miguuni. Chukueni viazi karai au chapati, na chai ya maziwa kwenye chupa, chai ya kwenye vibanda vyao haina tangawizi. Bakari ameshasema la sabuni.

Mkishakwenda andika hapa kituo kilikuwa na kina gani na chini kulikuwa matope au changarawe, nikuambie punje uzipangeje safari ijayo.